Kitambaa cha Kuagwa

Majina yote ninayo. Nikifumba macho naweza kukutajia kila mwanamke aliyesimama kwenye mashine za kufuma upande wetu, pamoja na jina la mtoto wake wa kwanza na kijiji walikotoka wazazi wake. Wajukuu hunijaribu kwa mchezo, sijakosea bado. Lakini haya ninayoandika hayatakuwa na jina la mtu. Wengi wametangulia na sikuwaomba ruhusa, na huyu ambaye habari hizi ni zake, yupo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniambia, "Andika, ila mimi niite Mkaguzi, ndiyo kazi niliyoijua." Basi nitamwita hivyo.

Kiwandani mimi nilikuwa mfumaji, yeye alikuwa chumba cha ukaguzi. Kitambaa kikitoka kwenye mashine yangu kilikwenda kupita mbele yake juu ya meza yenye taa kwa chini. Alikuwa akitazama kama uzi wa upana umekaa sawa juu ya uzi wa urefu, kama msalaba. Uzi ukienda upogo hata kidogo, aliweka alama kwa chaki nyekundu na roli zima la kitambaa lilirudi kwetu. Tulimwogopa. Alirudisha hata roli za rafiki zake, zangu zikiwemo, halafu jioni tunarudi wote Mkolani tukizungumza habari za mboga. Macho yale hayakuwa na likizo. Hata kanisani, watu wakiinamisha vichwa kuomba, yeye ananinong'oneza, "Pazia la madhabahuni limepinda."

Ikaja ile miaka ya soko huria. Kila mtu ulimi wake ulikuwa na neno ruksa. Madukani vilijaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau kama vipo, sabuni za rangi, vijiko vinavyong'aa, na pembeni mwa barabara zikamwagwa nguo za mitumba, chungu kwa chungu, mtu anachagua akiwa ameinama kama anapalilia. Hatukuzichukia wote. Mtoto akivaa akapendeza, utafanyaje? Ila Mkaguzi aliapa hatagusa. Aliziita kwa lile jina la zamani, kafa Ulaya. "Siwezi kumvalisha mtu nguo ya marehemu nisiyemzika," alisema.

Kiwandani mashine zikaanza kunyamaza moja moja. Mfumaji huzoea kelele mpaka haisikii tena. Kilichotushtua ni ukimya. Siku ya mwisho tuliagwa kwa soda na kila mmoja akapewa kitambaa, kipande kipana cha bluu ya wino, cha mwisho kutoka kwenye mashine zetu wenyewe. Changu hakikukaa. Kilikuwa pazia la sebuleni kabla wiki haijaisha. Cha Mkaguzi kilikwenda chini kabisa ya sanduku lake la bati, kimekunjwa kwa kufuata uzi.

Alikuwa na sababu. Mkaguzi kwao ni Ukerewe, na mume wake alikwisha kufariki, na watoto wake walikuwa wameshaolewa huko na huko. Kaka yake alikuja na meli, akakaa kwangu kwenye mkeka, mtu mpole, akasema maneno ya haki. Nyumba ya mama yao ipo. Shamba la mihogo lipo. Mjini anakaa anangoja nini? Mkaguzi akajibu ampe muda kidogo, atafungasha, na kaka akaahidi kurudi kumchukua. Mimi nikageuza uso nikajifanya natafuta chumvi.

Sasa, kwao, kama kwetu, mtu aliyekaa mjini miaka yote ile harudi mikono mitupu. Ana mama wadogo kule, wanawake watu wazima, wanakaa wakimhesabia. Kila mmoja anatarajia kipande cha nguo kutoka mkononi mwake. Ukija huna kitu hawakufukuzi, watakupikia ugali wa muhogo na samaki, watakuamkia vizuri kabisa, lakini hadi unazikwa wewe ni yule aliyetoka mjini na mikono yake. Kitambaa cha bluu kilikuwa cha hao mama wadogo. Ndiyo nauli yake ya heshima.

Ndipo ikaja habari ya mfarishi, lile tandiko la kitanda la vipande vilivyounganishwa, lenye pamba ndani.

Mjini, upande wa Mirongo, kulikuwa na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Alizaliwa Mwanza hapahapa na mama yake pia. Kisukuma anakijua cha kukusalimia na cha kukugombeza. Tulikuwa tukipita kwake kununua uzi, na siku hiyo alikuwa ameshika vipande vya mwisho wa roli mikono miwili, hajui avipeleke wapi.

"Mwangaluka," akasema. "Ninyi si watu wa kiwandani? Mnaweza kushona mfarishi? Binti yangu anaolewa."

Nikasema tunaweza. Mkaguzi akanikanyaga mguu.

Yule mama akachora kwa kidole juu ya meza ya duka. Hakutaka ukingo ulionyooka. Alitaka ukingo wa mawimbi, tumbo na bonde, tumbo na bonde, kuzunguka pande zote, kama alivyokuwa nao bibi yake. Akatupa vile vipande, na pamba ya kuweka katikati, na kitambaa kimoja cha bluu kwa ajili ya utepe wa kuzungushia ukingo. "Mkinifanyia vizuri," akasema, "nina wateja wanaoolewa kila msimu. Nitawapa kazi msichoke. Mkiniharibia, basi tena, tutabaki kuamkiana."

Tulipotoka nje Mkaguzi akasimama kwenye jua.

"Wewe umewahi kushona mawimbi?"

"Sijawahi. Na wewe?"

"Mimi nimewahi kushona nini? Mimi nimekagua." Tulicheka mpaka mtu wa karanga akatutazama. Kisha akasema, hacheki tena, "Sikiliza. Huu ukikubaliwa, nakaa. Mtu mwenye kazi hawezi kuitwa nyumbani kama mbuzi. Ukikataliwa, kaka akija Jumamosi napanda naye meli, na nisikusikie ukilia."

Tulifanyia kazi nyumbani kwangu, maana cherehani ilikuwa yangu, ya kuzungusha kwa mkono, mwanamke mmoja anazungusha na mwingine anaongoza. Kuunganisha vipande kulikwenda kama maji. Mistari iliyonyooka ndiyo ilikuwa chakula chetu. Tukaweka pamba katikati, kitambaa cha chini, tukashikiza kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, tukashona juu yake. Mawimbi tukayachora kwa sahani ya bati, nusu ya sahani kila tumbo, tukakata kwa kufuata chaki. Tulikuwa tumeanza kujisifu.

Ukabaki utepe.

Sasa niseme kitu kuhusu watu wa kiwanda cha nguo. Sisi kitambaa hatukikati, tunakichana. Unatia mkasi kidogo pembeni, unashika huku na huku, unavuta, nacho kinapasuka kwa kufuata uzi, kimenyooka kuliko rula. Mtu anayekata kitambaa akikatiza nyuzi tulimwona kama mtu anayekula kwa miguu. Basi kile kitambaa cha yule mama tulikichana chote, tepe nzuri, zimenyooka, Mkaguzi akazipitisha mbele ya dirisha moja moja akasema, "Hakuna dosari." Nikashona. Alizungusha, nikaongoza, nikavuta utepe uzunguke tumbo la kwanza, nikaulazimisha kwenye bonde, tukaenda hivyo hivyo mpaka tukafika tulikoanzia.

Tulipoutandika sakafuni ulisimama.

Sijui nikueleze vipi. Kila wimbi lilikuwa limejikunja juu kama dagaa aliyekaushwa, na kwenye mabonde palikuwa na mikunjo kama paji la uso la mzee. Ukiubonyeza hapa unainuka pale.

"Pasi," akasema Mkaguzi. Tukatia mkaa, tukapiga pasi. Ulilala kwa heshima mpaka ulipopoa, ukaamka. Tukaulowesha wanga wa muhogo, tukapiga tena pasi. Sasa ukawa umesimama, na mgumu juu yake. Tukaweka mawe ya kusagia kwenye pembe, tukala chakula cha mchana bila kuutazama, kana kwamba utaona haya. Mume wangu akapita, akatazama mawe, akauliza kama tunaogopa utaruka.

"Nenda zako," nikamwambia.

Mkaguzi akaketi na kuanza kufumua. Uzi baada ya uzi. Nilijua anachofanya kichwani: anafunga gunia. Sufuria kubwa chini, sahani katikati ya nguo. Nami nikakumbuka nilivyosema "tunaweza" pale dukani kabla sijafikiri, nikashika upande wa pili nikafumua naye.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu, alikuwa anatambaa. Alikuja moja kwa moja kwenye sindano, kama walivyo, na Mkaguzi akamdaka akamweka mapajani. Mtoto alikuwa amevaa kigauni cha mtumba chenye shingo ya mviringo. Nilikuwa nikimficha Mkaguzi kwamba ni cha mtumba, lakini nani humficha yule kitu. Kidole gumba chake kikaanza kupita kwenye ile shingo, kwa mazoea tu, kama mtu anayesali rozari hana habari. Kikapita mara ya kwanza. Kikasimama. Kikarudi.

"Mvue mtoto," akasema.

"Nje kuna upepo."

"Mvue, nakwambia."

Akakipeleka kigauni dirishani. Shingo ilikuwa imezungushiwa utepe mwembamba, umelala kimya kabisa kwenye ule mviringo, hakuna mkunjo, hakuna kuinuka. Akafumua kidogo kwa ncha ya sindano, akauvuta utepe nje, akaunyoosha mbele ya mwanga, nikaona uso wake unabadilika kama siku zile roli mbaya lilipopita kwenye taa.

"Njoo uone nyuzi."

Nikaona. Hazikwenda kwa urefu wala kwa upana. Zilikwenda mshazari, zote, za urefu na za upana, zimelala kama vile paa linavyolala. Akaushika utepe ncha mbili akauvuta. Ulivutika. Akauachia, ukarudi. Akauzungusha kwenye kidole, ukazunguka bila kulalamika.

"Hiki ningekirudisha," akasema polepole. "Ningekitia chaki nyekundu toka mwanzo mpaka mwisho." Akauvuta tena. "Wamekata kwa kusudi."

Nadhani kwa mtu mwingine hilo lilikuwa jambo dogo. Fundi yeyote wa barazani angetuambia tungemuuliza, lakini tungemuulizaje, sisi tuliotengeneza nguo za nchi nzima? Na kwake halikuwa dogo. Alikaa na kile kipande mkononi muda mrefu, na mtoto akabaki tumbo wazi akipiga makofi.

Tatizo likawa kitambaa. Kile cha dukani kilikuwa tepe zilizonyooka, hakuna tena pa kukata mshazari. Kurudi kwa yule mama kumwambia tumeharibu chake, ilikuwa sawa na kumwambia ampe kazi mtu mwingine. Nikapanda kwenye kiti nikaanza kushusha pazia langu. Ni bluu ileile, nikasema, roli lilelile. Mkaguzi akalishika, akalipeleka kwenye mwanga.

"Limepauka kwa jua. Tumbo moja litakuwa bluu, jingine kijivu."

"Nani ataona?"

"Mimi."

Akatoka. Nilisikia kifuniko cha sanduku la bati kule kwake, maana ukuta wetu ulikuwa mwembamba, ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule. Akarudi na kile kitambaa cha kuagwa, bado kina mikunjo ya sandukuni, akakitandika sakafuni.

Nikamwambia, "Hicho ni cha mama zako wadogo."

"Ndiyo."

"Ukikikata, na huyu mama wa duka akakataa? Utakwenda na nini kwenu?"

"Shika ncha hiyo."

"Jirani, nakuuliza."

"Na mimi nimekwambia shika ncha."

Nikashika. Akakunja kona moja mpaka uzi wa upana ukalala juu ya uzi wa urefu, na ule mkunjo ukawa ndio mshazari wenyewe. Akauwekea chaki. Hatukuwa na chaki nyingine ndani, ilikuwa nyekundu, ile aliyotoka nayo kiwandani mfukoni. Akanipa mkasi. "Wewe ndiye uliyekifuma, kata wewe."

"Mimi siwezi. Wewe ndiye mwenye chaki."

Akautazama mkasi. Halafu akakata. Mkasi ukikata kwa kufuata uzi hulia, unakwenda wenyewe; ukikata mshazari hausikiki sana, unakwenda kama unatafuna kitu laini. Alikata mstari mmoja mpaka mwisho bila kusimama, na kitambaa ambacho kingetosha wanawake wale wote kikawa si cha kumpa mtu tena. Alipoinua uso macho yake yalikuwa makavu. Yangu hayakuwa.

Tulikata tepe, tukaziunganisha ncha kwa ncha, tukazikunja mara mbili na kupiga pasi kidogo, bila kuvuta. Mwanzoni nilivuta, mkono wangu hauna adabu, na tumbo la kwanza likaanza kujikunja tena. "Usiuvute," akasema akiwa kwenye mpini. "Uache ule wenyewe." Basi kwenye tumbo nikawa nausukuma kidogo ndani, utepe unakula ile nafasi. Kwenye bonde tukachanja mfarishi kidogo kwa ncha ya mkasi ili bonde lifunguke, nikashusha sindano ikae hapohapo, nikageuza kazi yote kuizunguka, ndipo tukaendelea. Tulikwenda hivyo wimbi kwa wimbi. Tulipomaliza upande wa juu tukageuza utepe nyuma, tukaushonea kwa mkono, yeye anaanzia huku, mimi kule, tukakutana.

Tukautandika. Ulilala. Mume wangu akapita, akatazama, akaenda bila kusema kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Tuliupeleka Mirongo Ijumaa, tumeufunga ndani ya khanga. Yule mama akaufungua juu ya meza ya duka. Hakutazama vile vipande vya katikati tulivyovipenda. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo, akapitisha kiganja kuuzunguka wote, akaugeuza nyuma, akarudi mbele. Kisha akaushika utepe kwa vidole viwili.

"Hiki si kitambaa changu."

Mimi nikaanza kusema kitu, nikakohoa.

"Si chako," Mkaguzi akajibu. "Chako tulikikata vibaya. Tepe zake tumekurudishia, hizi hapa. Hiki ni chetu."

"Mmekipata wapi? Bluu kama hii sina."

"Huyu ndiye aliyekifuma," akasema, akanigusa bega. "Nami ndiye niliyekikagua."

Yule mama akatutazama, mimi, yeye, mimi. Akapitisha kiganja tena, sasa polepole.

"Na hapo ulipopita," Mkaguzi akasema, "kuna wimbi moja dogo. Sahani iliteleza. Umepitwa."

Ningemziba mdomo kama ningekuwa na mkono wa tatu. Lakini yule mama akacheka, cheko la mtu aliyesahau kuwa ni mwenye duka. "Mayu! Wewe unauza au unakagua?" Akaukunja mfarishi, akauweka rafu ya juu, si ya chini. Akashusha roli mbili za vitambaa. "Kuna mwingine anaolewa. Safari hii kata mshazari toka mwanzo, usinilie kitambaa."

Njiani Mkaguzi alinunua karanga kwa yule mtu, akala zote peke yake.

Jumamosi kaka yake alikuja. Alimkuta kwangu kwenye mpini wa cherehani. Gunia ambalo dada yake alilifunga kabla ya ile Ijumaa lilikuwa bado mlangoni kwake, na kaka alikuwa amekwisha kulinyanyua kulipima uzito.

"Tunawahi meli," akasema. "Zile nguo za mama wadogo umezitia humu?"

"Nimezikata."

"Umezikata?"

"Mshazari."

Alimtazama dada yake kama mtu anayetafuta dalili za homa. Mkaguzi akamweleza yote, kwa lugha yao, na mimi nikaelewa kwa mikono yake: tumbo, bonde, kiganja cha yule mama. Kaka akasikiliza. Mwisho akauliza jambo moja tu, kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Basi mimi nitawaambia nini kule?"

Ukikata kitambaa mshazari zinabaki pembe, vipande vya pembetatu ambavyo haviwezi kutoa utepe. Vilikuwa chini ya meza. Mkaguzi akaviokota, akachagua vikubwa, tukavipinda kingo palepale huku kaka anatazama mlango akihofia meli, tukapata vilemba vya kutosha kila mama mdogo. Kaka akavitia kwenye mfuko wake, akaaga. Tulipomsindikiza mpaka barabarani, Mkaguzi alirudi, akafungua gunia, akatoa sufuria kubwa, akaja kuazima moto kwangu.

Salamu kutoka Ukerewe zilichelewa kufika. Nilikuwa nimeogopa, maana pembe za kitambaa si kitambaa, na wale wanawake wanajua kuhesabu. Mama mdogo mkubwa kuliko wote ndiye aliyetuma maneno, kwa mdomo wa mtu aliyeleta machungwa. Mwambieni, alisema, hiki kilemba ni kidogo, ila ule ukingo wake mrefu unavutika, ukikifunga kinashika kichwa na hakitelezi shambani. Hivi vingine huwa vinaanguka. Anaulizwa kama anavyo vingine.

Mkaguzi alilisikia hilo akiwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Anaweza kusubiri," akasema. "Nina kazi."